RANGI YA NG'OMBE: JINSI INAVYORITHIWA NA JINSI YA KUICHAGUA

Ndama mwekundu anapozaliwa katika boma la ng'ombe weusi wenye mabaka meupe, mara nyingi hapakosi maneno. Mwenye ng'ombe hukumbuka kwamba mama yake ni Friesian mweusi, na mbegu aliyoilipia ilikuwa ya fahali Friesian mweusi; basi huyu mwekundu ametoka wapi? Wako wasemao kwamba mtaalamu wa kupandisha amebadilisha mbegu. Wengine humshuku mchungaji kwamba alisinzia malishoni, na fahali wa jirani akapata nafasi. Ujirani huharibika, mtaalamu hupoteza jina lake jema, na ndama mwenyewe, ambaye hana hatia yo yote, huuzwa kwa mchinjaji kwa bei ya chini.

Maneno hayo yangeweza kuepukwa kama kanuni za urithi wa rangi zingejulikana vema. Rangi ya ng'ombe haitokei ovyo. Hufuata njia ambayo wataalam wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja, na ambayo mfugaji ye yote aweza kuifahamu bila ya kwenda chuoni. Akiisha kuifahamu, ataweza kuchagua rangi aitakayo. Na jambo lililo kubwa zaidi, atajua ni wakati gani rangi ina faida na ni wakati gani humdanganya.

DESTURI YA TANGU ZAMANI

Kuchagua ng'ombe kwa rangi si jambo geni katika Afrika. Wanuer wa Sudan Kusini, ambao habari zao ziliandikwa na Evans-Pritchard katika kitabu kilichotolewa mwaka 1940, wana majina mengi sana ya kutofautisha rangi za ng'ombe na jinsi mabaka yanavyokaa mwilini, na kijana huitwa kwa jina litokanalo na rangi ya maksai wake. Desturi za namna hiyo ziko kwa Wadinka pia, na katika Kenya ziko kwa Waturkana na Wapokot, ambao vijana wao huwaimbia maksai wao nyimbo za kuwasifu.

Wahima wa Ankole, katika Uganda, huwapenda sana ng'ombe wa rangi nyekundu iliyokoza, waitwao bihogo. Katika Rwanda wafalme walifuga Inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu mno, waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi. Na baadhi yao huonekana hata leo huko Nyanza, penye makumbusho ya wafalme. Wazulu nao, zamani za ufalme wao, waliwatenga ng'ombe kwa rangi ili ngozi zao zitumike kwa ngao, na kila kikosi kilijulikana kwa rangi ya ngao zake. Ng'ombe weupe walikuwa ni mali ya mfalme.

Watu hao hawakuisoma elimu ya urithi katika vitabu, lakini waliijua kwa kutazama. Wabodi wa kusini mwa Ethiopia, ambao mtaalamu wa Kijapani Katsuyoshi Fukui alikaa kwao na kuchunguza habari zao, wanaweza kueleza ndama wa rangi gani atarajiwe kutoka kwa fahali huyu na mama yule. Kwa hiyo elimu ya siku hizi haikuja kufuta maarifa ya wazee, bali imeeleza sababu ya yale waliyoyaona.

CHEMBE NYEUSI NA CHEMBE NYEKUNDU

Mtu wa kwanza kuzieleza kanuni za urithi kwa hesabu alikuwa mtawa aitwaye Gregor Mendel, wa mji wa Brno, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Alifanya majaribio yake kwa njegere, akayachapisha mwaka 1866, lakini hakuna aliyemsikiliza mpaka mwaka 1900, wataalam wengine walipofikia kanuni zile zile. Tangu hapo zimeonekana kuwa kweli kwa wanyama pia.

Kanuni yenyewe ni hii. Kwa kila jambo la urithi, mnyama hupokea chembe mbili, moja ya baba na moja ya mama. Naye akizaa, humpa mtoto wake moja tu kati ya hizo mbili, na hakuna awezaye kuchagua ni ipi. Katika Friesian na Aberdeen Angus kuna chembe iletayo rangi nyeusi na chembe iletayo rangi nyekundu. Zikikutana katika mnyama mmoja, nyeusi hutawala na nyekundu hujificha. Mnyama huyo huonekana mweusi kabisa, wala jicho haliwezi kumtofautisha na mweusi mwenye chembe mbili nyeusi. Lakini ile nyekundu haikupotea. Imo ndani yake, nayo yaweza kupita vizazi vingi ikingojea kukutana na mwenzake.

Kutokana na hayo, mfugaji aweza kutarajia mambo manne:

Kwanza, fahali mwenye chembe mbili nyeusi atazaa ndama weusi tu, hata akipewa ng'ombe wekundu.

Pili, fahali mweusi na ng'ombe mweusi, ambao wote wawili wameficha chembe nyekundu, watazaa weusi watatu kwa mwekundu mmoja katika kila ndama wanne.

Tatu, mweusi mwenye kuficha chembe nyekundu akipandishwa na mwekundu, nusu ya ndama watakuwa weusi na nusu wekundu.

Nne, mwekundu na mwekundu watazaa wekundu tu. Chembe nyeusi haiwezi kujificha. Kama ingalikuwamo, ingalionekana.

Basi ugomvi wa yule ndama mwekundu waamuliwa hapa. Kuzaliwa kwake kwa wazazi weusi si dalili ya udanganyifu. Ni dalili kwamba baba na mama wote wawili walikuwa na chembe iliyofichwa. Mambo yangekuwa mengine kama Friesian wawili wekundu wangezaa ndama mweusi. Hapo ingefaa kuuliza kwa makini ni fahali gani aliyemfikia mama yake.

Yafaa ieleweke kwamba hesabu hizi ni za bahati, kama kurusha sarafu. Mwenye ng'ombe wanne asidhani kwamba ni lazima apate mwekundu mmoja; aweza kupata wawili, au asipate hata mmoja. Kwa sababu hiyo mtu asimhukumu fahali kwa ndama mmoja au wawili. Zamani, kabla ya vipimo vya siku hizi, wafugaji walimpima fahali mweusi kwa kumpa ng'ombe wekundu. Akizaa hata ndama mmoja mwekundu, siri yake imefichuka. Akizaa ndama saba weusi mfululizo, wangeweza kumwamini, kwani fahali aliyeficha chembe nyekundu ana nafasi 1 tu katika 128 ya kufanya hivyo. Leo chembe hizo huweza kupimwa kwa nywele chache tu, na katika orodha nyingi za mafahali wa Friesian huwekwa alama kwa wale wenye chembe nyekundu.

Kwa ng'ombe wa nundu mambo yana matawi zaidi. Wengi wao wana chembe ya namna ya tatu, ambayo huacha rangi ibadilike kwa msaada wa chembe nyingine. Ndiyo sababu mafahali huwa na rangi iliyokoza zaidi kuliko majike, hasa shingoni na kwenye nundu, na ndama wa baadhi ya ng'ombe wa kijivu huzaliwa wakiwa wekundu kisha wakageuka wanapokua. Mwenye ng'ombe hao asifanye haraka kusema ndama si wake.

RANGI ZISIZOFICHANA

Si kila chembe hutawala nyingine. Ng'ombe wa Shorthorn, walioletwa Kenya na walowezi zamani za ukoloni, huonyesha jambo hili wazi. Mwekundu akipandishwa na mweupe, ndama hawi mwekundu wala mweupe, bali huwa na nywele nyekundu na nyeupe zilizochanganyika mwili mzima. Ng'ombe wa rangi hiyo wamependwa na watu wengi kwa uzuri wao, na wako waliotaka kuwafuga hao tu. Lakini wakipandishwa wao kwa wao, katika ndama wanne hutoka mwekundu mmoja, mweupe mmoja, na wawili tu wa rangi ile ya mchanganyiko. Hata mtu akichagua kwa miaka mia, hatapata kundi lisilotoa rangi nyingine. Atakaye ndama wote wawe wa mchanganyiko hana budi kupandisha wekundu na weupe kila mara.

Rangi hiyo nyeupe ya Shorthorn ina hatari yake. Baadhi ya mitamba weupe wa ukoo huo huzaliwa na kizazi kisichokamilika, wakawa tasa. Si wote wapatwao, lakini hutokea mara nyingi kwa weupe kuliko kwa wenzao. Chembe moja huweza kufanya kazi zaidi ya moja mwilini, na mfugaji aichaguaye kwa ajili ya ngozi huichukua pamoja na kazi zake nyingine.

MABAKA NA ALAMA

Alama nyingine hurithiwa kwa urahisi sana. Uso mweupe wa Hereford hutawala. Fahali Hereford akipewa ng'ombe wa rangi yo yote, ndama huzaliwa na uso mweupe. Wafugaji wa Uingereza waliitumia alama hiyo kwa muda mrefu ili kuwatambua sokoni ndama wa nyama waliozaliwa na ng'ombe wa maziwa. Mnunuzi alipoona uso mweupe, alijua baba ni nani bila ya kuuliza. Mshipi mweupe uzungukao tumbo la ng'ombe wa Galloway wa Uskoti nao hutawala namna hiyo hiyo. Hapa alama ina faida ya kweli, kwa kuwa hufanya kazi ya cheti.

Mabaka ya Friesian ni habari nyingine. Ukubwa wa sehemu nyeupe kwa jumla hurithiwa, na mtu akichagua wenye weupe mwingi kwa vizazi kadhaa, kundi lake litazidi kuwa jeupe. Lakini umbo la kila baka na mahali pake hutegemea jinsi chembe za rangi zilivyosambaa katika ngozi ya ndama angali tumboni, na jambo hilo halina amri. Hata ndama waliotengenezwa na wataalam kutokana na mnyama mmoja, wenye urithi ulio sawasawa kabisa, wameonekana kuwa na mabaka yasiyofanana. Kwa hiyo atakaye ndama mwenye nyota ya umbo fulani katika paji la uso anajisumbua bure.

RANGI NA JUA KALI

Liko jambo moja ambalo rangi si pambo tu. Nywele nyeusi hupokea joto la jua jingi kuliko nywele nyeupe. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya rangi za ng'ombe katika makundi ya wafugaji wa Kenya. Walionyesha kwamba kadiri nchi inavyozidi kuwa ya joto, ndivyo ng'ombe wa rangi nyeupe na hafifu wanavyozidi kuwa wengi kundini. Ng'ombe wa rangi iliyokoza hupata joto zaidi na huhitaji maji zaidi, na mahali ambapo kisima ni mbali, tofauti hiyo huweza kuwa ni uhai au mauti.

Lakini nywele na ngozi ni vitu viwili. Ng'ombe afaaye zaidi kwa nchi ya jua kali ni yule mwenye nywele nyeupe au hafifu, fupi na laini, juu ya ngozi nyeusi. Nywele hurudisha joto, na ngozi nyeusi huzuia kuunguzwa na miale ya jua. Ndivyo walivyo Boran wengi, ng'ombe waliotoka kwa wafugaji wa kaskazini, ambao chama cha wafugaji wao katika Kenya kiliundwa mwaka 1951.

Ng'ombe mwenye ngozi nyeupe hana kinga hiyo. Hereford wasio na rangi katika kope hushikwa na kansa ya jicho mara nyingi zaidi wakikaa penye jua kali, kuliko wenzao ambao macho yao yamezungukwa na ngozi yenye rangi. Vile vile, ng'ombe akila majani ya lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi nyingi kilichotoka Amerika na kuenea sehemu nyingi za Kenya, ini lake huharibika, na jua huichoma ngozi yake. Katika Friesian aliyepatwa na ugonjwa huo, mabaka meupe huvimba na kubambuka, na sehemu nyeusi zilizo kando yake hubaki salama.

RANGI SI KIPIMO CHA MAZIWA

Ijapokuwa rangi ina faida hizo, kuna kosa moja ambalo limewagharimu watu fedha nyingi. Nalo ni kudhani kwamba ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe ni lazima awe na maziwa ya Friesian. Chembe ya weusi ni moja tu katika maelfu ya chembe za mnyama, na chembe zinazohusu maziwa ni nyingi na zimetawanyika.

Tuseme fahali Friesian mwenye chembe mbili nyeusi amepewa ng'ombe wa nundu wasio na chembe nyeusi. Ndama wao wote, walio nusu Friesian, kwa kawaida watakuwa weusi. Mitamba hao wakipandwa na fahali wa nundu asiye na chembe hiyo, ndama watakuwa na robo tu ya damu ya Friesian, na hata hivyo nusu yao watapokea chembe nyeusi. Kizazi kifuatacho kikipandwa vivyo hivyo, damu itakuwa sehemu moja katika nane, na bado mmoja katika kila wanne ataipokea. Mtamba wa namna hiyo akiletwa mnadani, mnunuzi asiyeuliza habari za ukoo humlipia bei ya ng'ombe wa maziwa, kisha hukamua vibaba vichache.

Kinyume chake ni kweli pia. Ndama mwekundu aliyezaliwa na Friesian wawili wazuri ni Friesian kamili, na urithi wake wa maziwa haukupungua hata kidogo. Kwa miaka mingi vyama vya Friesian katika nchi mbalimbali viliwakataa wekundu wasiandikwe katika vitabu vya ukoo, na ng'ombe wengi wazuri walipotea kwa ajili hiyo. Siku hizi vyama vingi vimewapokea. Mfano mwingine ni Sahiwal, walioanza kuletwa Kenya mwaka 1939 kutoka nchi ya Punjab. Hao ni wekundu au hudhurungi, nao wamesifika kwa maziwa miongoni mwa ng'ombe wa nundu.

Mwenye kuchagua fahali kwa rangi tu hulipa gharama ya wakati. Mimba ya ng'ombe huchukua yapata miezi tisa, na mtamba aliyetunzwa vizuri huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na zaidi. Yaani tangu siku ya kupandisha mpaka siku ya kukamua mtoto wa fahali huyo, miaka mitatu imepita. Rangi huonekana siku ya kuzaliwa. Upungufu wa maziwa huonekana baada ya miaka hiyo, mafahali wengine wazuri wakiwa wamekwisha kuuzwa.

SHAURI KWA MFUGAJI

Yampasa mfugaji kwanza kuweka daftari. Kila anapopandisha, aandike tarehe, jina au nambari ya fahali, na rangi ya mama. Na ndama akizaliwa, aandike rangi yake pia. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946 kwa kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mafahali waliochaguliwa, kimewasaidia wafugaji wengi, lakini mbegu bora bila ya daftari ni kama fedha iliyokopeshwa bila ya hati. Siku ya mashaka, daftari ndilo shahidi.

Pili, katika kumchagua fahali, atazame kwanza maziwa ya mama yake na ya binti zake, afya, miguu na uzazi. Wawili wakiwa sawa katika hayo, ndipo aichague rangi aipendayo.

Tatu, anayeishi katika nchi ya joto apendelee nywele hafifu juu ya ngozi yenye rangi, na kila mahali atazame kope za macho.

Nne, asipunguze kundi kwa ajili ya rangi mpaka wabaki wachache walio ndugu. Atakaye rangi moja katika kundi dogo hulazimika kuwapandisha baba na binti, au kaka na dada, na matokeo yake ni ndama dhaifu na mitamba isiyoshika mimba upesi.

Tano, ndama wa rangi isiyotarajiwa akizaliwa, mwenye ng'ombe asimlaumu mtu kabla ya kupima jambo kwa kanuni zilizoelezwa. Bado akiwa na mashaka, nywele za ndama na za wazazi zaweza kupelekwa kwa wataalam zikapimwa, na ukweli ukajulikana. Lakini mtamba mwekundu aliyezaliwa na Friesian weusi, mama yake akiwa mkamuliwa mzuri, asiuzwe kwa mchinjaji. Alishwe na kutunzwa kama wenzake weusi, kisha ndoo ya maziwa itaonyesha thamani yake.